Chapati ya Maji ya Gogo Trudi

Harufu ya siagi ikiyeyukia kwenye sukari hunirudisha Randburg, kwenye fleti ya Gogo Trudi, mjane wa Kiaustria tuliyepakana naye mlango kwa mlango. Nilimwita Gogo, yaani bibi, kama watoto wa Kizulu walivyowaita bibi zao. Mama alikuwa ametoka Kenya kufanya kazi benki, na kila nilipotoka shule Gogo ndiye aliyekaa nami mpaka Mama arudi. Sikuwa na bibi mwingine Johannesburg nzima, wala sikumtaka.

Jumamosi moja ya baridi alitualika. Mama alivaa kitenge cha kanisani, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa. Tulipofika nikajipenyeza jikoni. Gogo alikuwa akikaanga kitu kama chapati ya maji, ila nene, imeumuka kwa mayai, zabibu kavu zikichungulia. Jamani, ilipendeza! Mara akashika uma mbili, akaichana vipande vipande. Kimoja akanitia mdomoni. Kilikuwa kitamu hata nikafumba macho. Kisha, kwa kiherehere changu, nikakimbilia sebuleni kumnong'oneza Mama: "Ilikuwa nzima, Gogo ameichana."

Kwetu mgeni hapewi vipande. Vipande ni vya watoto, la sivyo ni makombo. Sahani ilipotua mezani, imenyunyiziwa sukari laini, na plamu zilizopikwa pembeni, Mama alitoa tabasamu lake la ofisini. "Asante, tumeshiba," akasema, huku akinifinya paja nisiguse. Nyumbani ndipo alipofoka: "Ati makombo! Kwani sisi ni mbwa?" Jumatatu Gogo alinikuta kwenye ngazi, akaniuliza taratibu, "Niliweka sukari nyingi mno?" Nilimwogopa Mama. Nikasema, "Ndiyo." Wiki hiyo hiyo Mama akanitafutia mtu mwingine wa kukaa nami, na kabla mwaka haujaisha Gogo akahama.

Juzijuzi, kwenye mkahawa mmoja wa Kensington, hapa hapa Johannesburg, niliona sahani ile ile, imechanwa vile vile. Mhudumu akaniambia ndivyo inavyopikwa Austria, na kwamba imeitwa hivyo kwa heshima ya mfalme wao. Nikampigia Mama, ambaye sasa yuko Nakuru, nikamweleza. "Woi," akasema, "na mimi nikamwekea kinyongo!" Usilolijua ni kama usiku wa giza, na Mama hakujua. Lakini mimi nilikuwa nimeonja, na aibu hiyo hainitoki. Siku hizi naipika Jumapili, nawachania wanangu, nao huigombania kwa Kizulu midomo ikiwa imejaa. Mimi huonja kwanza. Sukari inatosha, Gogo. Hata siku ile ilitosha.