Kitatange Hupandishwa kwa Vituo

Mdogo wangu wanamwita Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa upole wake kwa watu. Kwa watu ana ulimi wa pilipili. Mimi dada yake, niliyembeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki, kanitania mpaka nikamrushia kandambili mbele ya wageni. Jina lilitoka kwa samaki. Akiingia bandani kazini kwetu na ndoo yake utamsikia tangu mlangoni: taratibu, jamani, taratibu, msimtikise.

Samaki wenyewe ni kitatange, wale wakubwa wa mistari, tunaowafunga mifukoni wasafiri kwa ndege kwenda kukaa kwenye matangi ya vioo ya watu wenye nafasi. Ukimwona utadhani kapakwa rangi na mtu aliyekosa kazi. Mwili wa buluu, mistari ya manjano toka nyuma ya shavu, mkia wa manjano, na machoni utepe mweusi kama mwizi aliyejifunga kitambaa. Mtoto wake sasa, humjui. Mtoto ni buluu iliyoiva karibu na weusi, amechorwa duara jeupe ndani ya duara jeupe. Nilipoanza kazi nilidhani ni samaki wawili tofauti, nikawa nawatangazia wenzangu kwa kujiamini kabisa. Taratibu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni kwenye maji.

Akanieleza. Kitatange mkubwa ana mtaa wake mwambani na pango lake ndani ya mtaa. Akitokea mwingine aliyevaa mistari kama yake, atamkimbiza na kumng'ata mpaka amhamishe. Ndiyo maana mtoto kavalishwa nguo nyingine: mkubwa akimtazama haoni mshindani, anaona kitoto, anamwacha ajitafutie riziki. Akishakua, yale maduara yanafumuka kidogo kidogo yanakuwa mistari, na hapo tena hana udugu na mtu, akatafute kwake.

"Ungekuwa wewe kitatange, dada," akaniambia, "mimi ningeshalala nje zamani."

Alikuwa anawajua hivyo. Alijua kwamba chakula chao ni sifongo za mwambani, kwa hiyo akija na samaki mgeni aliyegoma kula, huja na kipande cha sifongo mfukoni amtongozee nacho. Alijua pia kwamba kitatange akishikwa na hofu hugonga: du, du, du, sauti nzito inayotoka tumboni mwake, unaisikia mpaka nje ya ndoo. Wenzangu walikuwa wakiisikia wanacheka. Taratibu hakuwa akicheka. Alifunika ndoo kwa gunia lililolowa maji, akangoja mpaka kunyamaze.

Sasa sikiliza jambo lililotuua. Kitatange mkubwa anakaa chini sana, na tumboni ana kifuko cha hewa kinachomfanya aelee. Ukimpandisha mbio hewa ile inavimba, tumbo linatutumka, samaki anafika juu anaelea ubavu, na huyo huna tena. Taratibu akawa anawapandisha kwa vituo. Anawatia kwenye ndoo yenye matundu, anaitundika kwenye kamba katikati ya maji, wapumzike, baadaye anaisogeza juu kidogo, wapumzike tena. Na anayeisogeza ni yeye. Kuivuta kamba toka mashuani hakutaka, eti mawimbi yatawatikisa. Kwa hiyo yeye anapanda juu moja kwa moja, anaongea na nahodha, anauma tena mpira wa kompresa unaomletea hewa, anazama, anasogeza ndoo, anapanda. Anazama, anapanda. Siku moja nilimuuliza, na wewe kituo chako kiko wapi? Akanijibu yeye hana mistari.

Nilicheka. Mungu anisamehe, ilinichekesha kweli.

Siku yenyewe ya balaa palikuwa na mzigo wa kuondoka jioni na tajiri, mwenye banda, alikuwa anataka wakubwa watupu. Taratibu aliwaleta mchana, wote wazima, hata mmoja hakuvimba. Aliingia na ndoo mwenyewe. Alilalamika bega linamuuma na ngozi inamwasha, nikamwambia aoge aache maneno mengi. Akaegemea tangi. Nikiwa nimempa mgongo nikasikia kishindo, nikageuka na maneno yangu tayari mdomoni, kumbe ni yeye yuko chini.

"Dada," akasema, "miguu imeondoka."

Nilidhani ganzi. Nikamkanda, nikamsugua, nikampiga makofi mapajani, na yeye ananitazama tu kama anatazama mtu anamkanda mtu mwingine. Nikaona maji yanatoka chini yake, na hayakuwa maji ya bahari. Mdogo wangu kajikojolea na hana habari.

Nahodha, aliyekuja naye toka mashuani, ndiye aliyelijua. Alisema ni hewa, imemchemkia kwenye damu kwa kupanda haraka mara nyingi. Nikapiga simu hospitali kubwa, ile yenye chumba cha chuma cha kumbana mgonjwa kwa hewa, iliyoko mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari. Daktari hakuremba. Nimlaze chali, nisimkande tena, nimpe oksijeni tupu sasa hivi na nimpeleke. Kila dakika inayopita bila oksijeni, alisema, ni miguu hiyo inayokwenda. Akaniuliza kama huko niliko oksijeni inapatikana.

Jamani! Maisha yangu yote ya kazi nimeshika mpira wa oksijeni. Ndiyo kazi yangu. Mfuko, maji theluthi, kitatange mmoja peke yake kwa sababu wawili watatoana roho, oksijeni mpaka mfuko ukaze, raba, boksi. Mtungi ulikuwa mmoja, umesimama pale ukutani, na samaki nusu walikuwa bado hawajafungwa.

Nikakata chupa ya maji kwa kisu, nikachomeka mpira mdomoni mwa chupa, nikamfunika nayo pua na mdomo. Tajiri akaingia wakati huo. Simsingizii, si mtu mbaya. Aliona mtungi unapiga kelele na mifuko imelala mitupu mezani, akashika kichwa. Akasema gari linaondoka saa hiyo hiyo, mtungi mwingine hakuna, tumalize kufunga kwanza, kisha gari likirudi toka uwanja wa ndege litamchukua mgonjwa.

"Mama, hiyo oksijeni ni ya samaki," akasema.

"Na samaki ni wa nani?" nikamuuliza. "Nani kawatoa chini?"

Nilipandwa na mori, sikumbuki yote niliyomwambia, na ninayoyakumbuka hayafai kwa wenye heshima. Niliingia garini nikawa nateremsha maboksi, nayapanga chini juani. Nahodha akanisaidia. Mwishowe tajiri mwenyewe akamshika Taratibu mabegani, mimi kiunoni, tukampakia pale palipokuwa mzigo, na mtungi pembeni yake. Wifi yangu, mke wake, tulimpitia nyumbani. Alitoka na povu la sabuni mikononi, akapanda hivyohivyo.

Njia ile sitaki kuielezea, ila nitaielezea. Nilishika chupa kwa mkono mmoja na mkono mwingine nimeushika mtungi usibiringike. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa mtungi. Ukishuka, moyo unashuka nao. Nikawaza nipunguze ufike mbali, nikaogopa nikipunguza namnyima. Nikapunguza. Nikaongeza. Mungu wangu, hakuna aliyenifundisha mtu anahitaji kiasi gani; mimi najua kitatange tu. Wifi alikuwa amekumbatia miguu ya mumewe kifuani, anaipumulia kama anawasha jiko, anamuuliza, hapa je? Na hapa? Yeye anasema bado.

Katikati ya safari aliisogeza chupa kando. Alitaka kujua samaki. Nikamdanganya nimewarudisha tangini.

"Yule mkubwa alikuwa anagonga nilipoanguka," akasema. "Uliwafunika?"

"Niliwafunika. Pumua."

"Pango lake sasa hivi lina mwingine, dada. Hawakai hata siku. Mwenyewe akiondoka tu, mwenzake kashaingia." Akanitazama. "Tajiri atamtafuta nani?"

Nikamrudishia chupa mdomoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mtungi uliisha tukiwa bado njiani. Ulikoroma kidogo, ukakata. Niliendelea kumshikia chupa tupu kwa sababu sikujua nishike nini kingine, na wifi alikuwa ananiangalia, nami sikutaka ajue.

Walimwingiza kwenye chumba cha chuma, wakamtoa, wakamwingiza tena kesho yake na keshokutwa. Kila akitoka tunamwangalia miguu kabla ya uso. Daktari alikuwa kijana mpole, alituambia oksijeni ya njiani ndiyo iliyomwokoa kifua na mikono, bila hiyo tungefika na maiti. Kuhusu miguu alisema tutaona. Mimi nimelea, najua maana ya tutaona.

Mara ya mwisho kumtoa, daktari alimwambia afumbe macho, amguse nyayo kwa sindano, naye aseme akisikia. Wifi alisimama upande wa miguu, amekaza shuka kwa vidole. Mimi nilisimama upande wa kichwa. Taratibu alifumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka puani.

"Hapo," akasema. "Nimesikia hapo. Naisikia, dada."

Wifi akaangua kilio, akamwangukia kifuani. Mimi nilimtazama daktari. Alikuwa bado anafungua karatasi ya sindano.

Nikamshika mdogo wangu kichwa, nikamwambia, "Si nilikwambia itarudi?"