Mgeni wa Mama Wilo

Ndagala wakioza hawanuki kama samaki wengine. Samaki mkubwa akiharibika ananuka mara moja, unajua umepata hasara, unatupa, yamekwisha. Ndagala, hawa dagaa wetu wadogo wa Tanganyika, huanza na harufu ya utamu fulani, kama bugali uliolala kwenye sufuria, hata unadhani ni nyumba tu inataka kufagiliwa. Kisha harufu inapanda. Inaingia kwenye mkeka, kwenye kitenge, kwenye nywele, na ukienda kanisani watu wanasogea pembeni. Harufu hiyo ilikaa ndani ya nyumba ya mama yangu pale Baraka msimu mzima wa mvua, mwaka ule nilioletwa kutoka kambi ya wakimbizi, na mpaka leo ikinipita sokoni nabadili njia. Sijui kama ni harufu yenyewe au ni mambo yaliyokuja nayo.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Kambini hatukuwa watu wa kuhesabu sana. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, nikalelewa na koko, yaani bibi yangu, mama yake mama. Mama alitangulia kuvuka kurudi Baraka akiwa na mdogo wangu Wilondja mgongoni, bado ananyonya, ili ashike kiwanja cha baba kabla hakijashikwa na wengine. Baba mwenyewe alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Misisi, na alikuja nyumbani kama mvua za mwezi wa saba. Mama aliniambia atanifuata mahindi yakikomaa. Yakakomaa, yakaliwa, yakapandwa tena, na tena, nami nikaacha kuyatazama. Alipokuja hatimaye kunichukua, koko alikataa kuvuka. Alisema miguu yake imechoka kukimbia, na sasa haitaki hata kurudi. Basi nikavuka ziwa na mwanamke ambaye nilimwita mama kwa adabu tu, kwa sababu mama, katika kichwa changu, alikuwa yule mzee niliyemwacha amesimama mlangoni ameshika kisahani changu. Pale Baraka kila mtu alimwita Mama Wilo. Mimi ndiye kifungua mimba, lakini jina langu, Riziki, hakuna aliyekuwa amelisikia. “Huyu ni nani, Mama Wilo?” “Ni mutoto yangu.” “Ee! Kumbe uko na mwingine?” Nilisimama pale na kifurushi changu kichwani nikingoja wamalize kushangaa.

Mama aliuza ndagala. Asubuhi mapema alishuka ufukweni wavuvi wanaporudi, akanunua, akawaanika mchangani juu ya nyavu kuukuu, akakaa na fimbo kufukuza kuku na bata. Majuma ya kwanza alinituma kama mtu anayejilipa miaka yote ile. Riziki, kalete maji. Riziki, geuza ndagala. Riziki, kaombe moto kwa jirani. Nilinung'unika kama mtoto yeyote, nikaburuta miguu, nikafyonza nikiwa mbali. Laiti ningejua!

Siku moja alikwenda Swima kutafuta ndagala wa bei nzuri, akaniachia mzigo umeanikwa, umekauka nusu. Mchana wingu likatoka upande wa Ubwari, jeusi, na upepo mbele yake. Mtoto wa Baraka anajua la kufanya tangu anatambaa: unawakusanya ndagala haraka, unawaingiza ndani, unawatandaza sakafuni ili wapumue. Mimi sikuwa mtoto wa Baraka. Mimi nilikuwa mtoto wa mgawo. Kambini kitu kisichofungwa si chako. Siku ya unga unajaza gunia, unafunga, unalikalia, ndipo unavuta pumzi. Koko alinifundisha fundo ambalo mwizi angehangaika nalo mpaka kuche. Kwa hiyo niliwazoa wote, na unyevu wao, nikawashindilia kwenye gunia, nikafunga fundo la koko, nikalisukuma gunia chini ya kitanda. Nililala juu yake kwa fahari. Mvua ikakata barabara, mama akakwama Swima, na mimi nikazidi kulinda. Wilo, ambaye alikuwa mdogo lakini ana pua, aliniambia nyumba inanuka. Nikamwambia anyamaze.

Mama aliporudi, wanawake wawili waliokuja kununua walikuwa tayari wamekaa uani. Nikaliburuta gunia hadi katikati ya uwanja, nikatabasamu. Mama alijaribu kulifungua akashindwa, ikabidi nilifungue mwenyewe, na nilifanya hivyo polepole ili waone ufundi. Loo! Wale wanawake walirudi nyuma na vitenge puani. Mama akatia mkono, akautoa, akautazama. Mtaji wake wote ulikuwa uji. “Nani alifunga hizi?” Nikasema ni mimi. “Sasa koko hakukufundisha kitu hata kimoya?” Angenitukana mimi ningevumilia. Angenichapa, ningelia, yangekwisha. Lakini alimgusa koko. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili kile cha kambini ambacho watoto wa mtaa walinichekea: “Kwetu tunafunga. Hapa si kwetu. Nirudishe kwa mama yangu.”

Mama alijifuta mkono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, kisha akawaambia wale wanawake, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, “Mumesikia? Kumbe tuko na mugeni. Basi tumupokee muzuri.” Akaingia jikoni.

Tangu siku ile hakunituma tena. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu nilichokuwa nimepewa ni kile ambacho kila mtoto anakiomba. Wenzangu walitwishwa maji na kuni huku mimi nimekaa kwenye kiti. Kiti, si kigoda. Wote nyumbani walikula pamoja, mikono yao ikikutana kwenye bugali mmoja na sombe, kisamvu chetu. Mimi nililetewa sahani yangu peke yangu, imefunikwa na sahani nyingine, na samaki aliye mkubwa kuliko wa wote. Nilipashiwa maji ya kuoga. Niliulizwa asubuhi kama nimelala vizuri. Wilo, na miguu yake mifupi ile, ndiye aliyepita mbele yangu akikimbia: “Wilo, kalete chumvi kwa Mama Faida!” Anakwenda, anarudi na chumvi ndani ya kikaratasi, nusu imemwagika, anagombezwa, anacheka. Nilimwonea wivu mpaka nikataka kumtega mguu. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Mimi nilikataa kwetu, na hakuna aliyenituma hata kuleta kijiti cha moto.

Nilijaribu kujituma. Nikaamka kabla ya wote nikafagia uwanja, nikachota maji nikajaza pipa mpaka likamwagika. Mama akatoka, akaona, akasema, “Aksanti sana.” Jamani! Afadhali angenimwagia hayo maji. Nani anamshukuru mtoto wake kwa maji? Sijawahi kumsikia akimwambia Wilo aksanti, hata mara moja. Wilo alikuwa wa pale. Kazi yake ilikuwa kama mkono wa mama mwenyewe, na mtu hashukuru mkono wake. Nilirudi kwenye kiti changu, nikalia bila sauti, kwa sababu mgeni pia halii hovyo kwa watu. Niliwaza kwamba mama anangoja tu ziwa litulie anirudishe ng'ambo. Baadaye nikawaza kinyume, kwamba ananitunza kwa kuwa ananipenda, na kwamba mimi ndiye mwenye roho mbaya. Jirani yetu, Mama Faida, aliponiona nimekaa tena na tena, alimtania mama kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: “Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe! Huyu wako utamupa lini?” Mama akacheka. Mimi nikaingoja ile siku ya tatu ambayo ilikuwa imepita zamani, na kila asubuhi nilitazama jembe pale ukutani. Jembe halikushuka.

Lilishuka wingu. Mama alikuwa amekopeshwa ndagala kidogo ili aanze upya, wameanikwa mchangani, na mvua ikaja kutoka Ubwari kama mara ile, na watu wote ufukweni wakaanza kukimbia na kuitana. Nilisimama mlangoni. Miguu ilitaka kwenda, lakini sikujua kama naruhusiwa kugusa ndagala wa watu. Ndipo nikasikia sauti ya mama katikati ya upepo: “Wewe! Unaangalia nini? Leta bashi!” Bashi ndiyo turubai. Nililinyakua nikakimbia, likanipiga usoni, nikaanguka, nikainuka, na tukawazoa ndagala tumepiga magoti, mama upande huu, mimi upande ule, na ndani nikawatandaza sakafuni mmoja mmoja kama mtu anayelaza watoto. Mama hakusema aksanti. Jioni sikuletewa sahani. Nikasimama nisijue pa kwenda, mpaka aliposema bila kunitazama, “Nawa mukono, bugali inapoa,” nami nikaketi chini kati yake na Wilo, nikatia mkono. Bugali ulikuwa wa moto, ukaniunguza, na nilifurahi kama mjinga.

Nimeibeba siku ile miaka yote kama ushahidi. Mama aliniita, nikaitika, nikawa wa nyumbani. Basi mwaka jana, tukichambua maharage hapa kwangu, nikamkumbusha. Mama amezeeka sasa, goti lake moja limeharibika, na kwa kuwa Wilo naye amemezwa na machimbo kama baba, nimemleta akae nami huku juu Fizi, ninakofundisha shule ya msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage, akasema, “Mi sikukuita, Riziki. Nilikuwa naita Wilo. We ndiyo ulikuja.” Nikamuuliza, na yale majuma yote ya kiti na sahani, ilikuwa adhabu? Akanishangaa kweli. “Azabu gani? Nilikuwa naogopa kukutuma. Ungesema tena hapa si kwenu, ningefanya nini?” Sikulala vizuri. Kama hakuniita, nilirudi nyumbani kwa kosa? Na kama aliogopa, basi kati yetu wawili nani alikuwa mgeni wa nani? Nimeligeuza hili kama ndagala juani, upande huu na upande ule, na halijakauka.

Jambo linalonishangaza ni kwamba nilikuwa tayari ninamfanyia yaleyale bila kujua. Nilimwekea kiti kizuri kibarazani, penye jua, maana Fizi kuna baridi kuliko ufukweni. Nilimfunikia sahani yake. Nilimpashia maji ya kuoga, na akijaribu kufagia nilimnyang'anya ufagio: pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha. Siku akinichambulia sombe nilimwambia aksanti sana. Nilidhani hiyo ndiyo heshima, na majirani walinisifu. Kisha juma lililopita nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa kwenye kiti chake na kifurushi magotini, amekifunga, amevaa viatu. “Unirudishe Baraka,” akasema. “Kule mi niko Mama Wilo. Hapa niko mugeni tu.”

Nilisimama pale mlangoni, na niseme ukweli, niliogopa. Kule Baraka hana mtu wa kumtilia maji. Akishuka kule na goti lile hatapanda tena, nami ninajua jinsi mtu anavyomwacha mzee amesimama mlangoni ameshika kisahani. Nilifanya hivyo mara moja, na koko sikumwona tena. Kwetu mkubwa hatumwi. Mtoto anayemtuma mzazi wake, watu watamsema mpaka sokoni. Chumvi ilikuwa imejaa kopo jikoni, nilikuwa nimeinunua jana yake. Nikasema, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka, “Mama! Unaangalia nini? Kaombe chumvi kwa Mama Neema, sombe iko motoni.” Nikadhani atanilaani. Akaweka kifurushi chini, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka akichechemea. Nilimsikia kule uani kwa jirani akilalamika kwa sauti ya juu kwamba angalieni huyu mutoto wake, siku hizi anamutuma kama katoto kadogo, na mvua inakuja, na goti linauma, na haya ni malezi gani. Mama Neema alicheka. Nikakificha kile kifurushi nyuma ya mlango. Akarudi na chumvi ndani ya kikaratasi, nusu imemwagika njiani, akaninyooshea. Nikaipokea, nikaitia kwenye sombe ambayo ilikuwa na chumvi tayari, wala sikumwambia aksanti.