Mkono Ulioumia Dukani kwa Amina

Amina ni mjane aliyefungua duka Koboko tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire. Gunia la chumvi lilipomponyoka, mimi mpita njia niliruka kulidaka, mkono wangu ukateguka. Wazee wakaamua kwamba duka limeniumiza, basi duka linitunze mpaka nipone.

Kila mchana Amina aliniletea muhogo na maharage, akakaa mpaka nimalize. Mkono ulipona. Mimi mjinga nikaendelea kuuning'iniza shingoni kwa kitambaa, nikitafuna polepole kama mbuzi.

Jana akasema, "Kesho dada yangu ataleta chakula. Mimi nakwenda Arua."

Akainuka. Mkono ukachomoka kitambaani, ukashika kapu lake kwa nguvu.

Tukautazama sote wawili.

"Kumbe iko mzima," akasema. "Tangu lini?"

Hata hapo sikuachia kapu.