Michirizi ya Mwezi wa Jasi

Katika jumba la sayansi walimwita Mama Kitambaa, maana hakuonekana bila kitambaa begani. Watoto wake watatu walikuwa na miji yao mbali, na nyumbani hakuwa hata na wa kumtuma chumvi. Ndiyo maana aliwahi kazini kuliko wote. Alianzia chumba cha mwezi. Ulikuwa mfano wa mwezi uliofinyangwa kwa jasi, mkubwa kama tangi la maji, umejaa mashimo, naye aliyajua yote kwa vidole.

"Umeamkaje, mwenzangu?" aliuuliza kila akianza kuupangusa.

Shimo moja dogo, chini kushoto, lilimkera. Lilizungukwa na michirizi myeupe, kana kwamba fundi rangi alimwaga chokaa akaenda zake. Siku moja alileta sabuni ya unga na brashi, akasugua mpaka yote ikatoka. Alirudi nyumbani akijisifu moyoni.

Kesho yake alimsikia dada anayetembeza wageni akisoma kibao: "Shimo hili ni changa. Kimondo kilipogonga, vumbi jeupe liliruka pande zote, ndiyo michirizi mnayoiona."

Wageni wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba wameiona. Mama Kitambaa ndoo nusura imponyoke.

Miezi miwili usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Akifukuzwa, asubuhi atamwamkia nani? Mwishowe akaona heri nusu shari, akaenda kwa msimamizi.

"Mzee, ile michirizi nimeifuta mimi. Nilidhani uchafu."

"Michirizi ipi, mama?"

Akampeleka. Msimamizi akainama, akasoma kibao, akatazama shimo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kimondo kimehangaika bure. Uliifuta lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hakuna aliyeniambia." Kicheko kikamkauka. "Rangi iko stoo. Wewe ndiye unayeikumbuka hiyo michirizi, basi irudishe mwenyewe."

Hakufukuzwa. Alipaka taratibu kwa brashi nyembamba: mmoja mrefu kulia, mitatu mifupi juu, na ule uliopinda kidogo. Alipomaliza alitoka kumtafuta dada aje aone, akaambiwa ameenda kula. Msimamizi naye alikuwa kwenye simu, mlango umefungwa.

Akarudi. Aliosha brashi, akaikausha vizuri. Kisha akaichovya tena kwenye rangi, akaanza kurudia mchirizi mmoja ambao haukuwa na kosa lolote.