Mti au Chuma

Nani alikudanganya kwamba anga ina wenyewe?

Fundi Mageti naye alidanganywa hivyo tangu utotoni kama sisi sote, ila kwake neno hilo liliingia sikio hili likatokea lile. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha. Alikuwa mtu wa kuogopa ngazi, hata ile fupi ya jikoni. Taa ikiungua nyumbani, aliyepanda kiti kuibadilisha alikuwa mkewe, na yeye Fundi alishika kiti kwa mikono miwili huku akitazama sakafu. Mkewe alifundisha udereva, mtaa mzima ukimwita Mwalimu, na ndiye aliyekuja na wazo la ndege.

Kurusha ndege alifundishwa na Kepteni, rubani mstaafu aliyesimamia kiwanja kidogo nje ya mji. Mwalimu aliwafundisha watoto wa Kepteni kuendesha gari, Kepteni akamfundisha yeye kuruka, wakawa wamemalizana. Alipokwisha kuimudu ndege ya kawaida, akasema hiyo ni kama basi la shule. Alitaka ndege ndogo ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, ile inayoweza kubingirika hewani na kuruka kichwa chini magurudumu juu. Hakukuwa na wa kumpa ndege ya namna hiyo. Basi akamgeukia mumewe mezani, akamuuliza kama mtu anayejua kuchomelea geti lisilopinda anaweza kuchomelea kiunzi cha ndege. Fundi alitafuna, akameza, akasema mabomba ni mabomba.

Waliijenga sebuleni. Mabawa ya mbao nyepesi yaliegemezwa ukutani nyuma ya kochi, na mama yake Mwalimu, aliyekuwa akiishi nao, alitazama taarifa ya habari kupitia katikati ya mbavu za bawa. Wapita njia walichungulia dirishani wakauliza geti lile litaruka lini. Ilipofika siku ya kuitoa nje, Fundi alibomoa dirisha alilolichomelea mwenyewe. Watu wakacheka tena, na mimi nasema wacheke tu. Kila mtu aliyewahi kufanya jambo lisilotarajiwa kwa watu wa tabaka lake alichekwa kwanza na majirani, na majirani hao hao baadaye walikuja na viti kutazama.

Ugomvi pekee nyumbani ulikuwa wa vibanio vya nguo. Ndege ile ilivikwa kitambaa, na kitambaa kinagundishwa ukingo kwa ukingo. Wakati gundi inakauka lazima kitu kikishikilie bila kukichana, na Fundi hakuona kitu duniani kinachofanya kazi hiyo kama kibanio cha nguo. Akawa anavichukua kambani. Mamamkwe alikuta mashuka yake vumbini. Kwa heshima hakumkaripia mkwewe, aliusemesha ukuta: "Nyumba za wenzetu upepo unaiba nguo. Hii yetu unaiba vibanio." Fundi aliinamisha kichwa, na baada ya kazi akavirudisha.

Kabla ya kila safari mume na mke walikuwa na desturi yao. Mwalimu akishajifunga mikanda, alimuuliza mumewe: "Fundi, kuna kitu humo ndani?" Maana katika ndege inayopinduka, kitu chochote kilichosahaulika tumboni, hata msumari, kinaweza kwenda kukwama pabaya. Fundi alizunguka, akapapasa, akaangalia kisanduku cha vifaa ambamo kila spana ilikuwa na shimo lake, kisha akajibu: "Hakuna." Alilitoa neno hilo kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba.

Wiki kadhaa ndege iliruka magurudumu chini, ikapanda na kushuka bila tatizo. Kisha ikafika alasiri ya kuipindua kwa mara ya kwanza. Mwalimu alivaa mwavuli wa kujiokolea mgongoni, akajifunga, akauliza. Fundi akajibu hakuna.

Alisimama kando ya njia ya kurukia, redio ya mkononi kifuani, Kepteni pembeni yake. Ndege ilipanda juu sana ikawa kama nzi mwekundu. Ikabingirika. Ikatulia kichwa chini, magurudumu yakielekea jua, na Fundi, ambaye ngazi ilimtoa jasho, alijikuta amejishika mkanda wa suruali asije akadondoka. Ikarudi sawa. Kepteni akapiga kofi moja pajani. Ikapinduka tena, ikarudi, halafu ikaacha michezo yote na kuanza kuzunguka duara pana.

Redio ikakwaruza. "Fundi, fimbo hairudi nyuma."

Alisema kwa sauti ile aliyotumia kuwaambia wanafunzi wake wakanyage klachi. Fimbo hiyo ndiyo usukani wa ndege. Ukiisukuma mbele pua inashuka, ukiivuta nyuma pua inapanda. Mwalimu alieleza kwamba kwenda mbele inakwenda, kurudi inafika katikati na kugota. Alikuwa amejaribu kupinduka tena ili kitu kilichoizuia kianguke, hakikuanguka. Kwa mwendo wa kasi aliweza kuishikilia ndege isishuke. Lakini kutua ni kupunguza mwendo, na mwendo ukipungua pua huzama, na bila kuivuta fimbo angepiga ardhi kwa uso.

Kepteni alichukua redio akamwambia aelekee upande wa mashamba, afungue mikanda na kujirusha. Mwalimu akauliza je, akiivuta kwa nguvu zake zote? Kepteni alimjibu bila kuzunguka. Kama kilichokwama ni chuma, mkono mwembamba wa mtambo unaoinua usukani wa mkia utakatika kabla chuma hicho hakijapinda, na hapo ndege itazunguka kama pia na kumbana humo humo. Hatatoka.

Redio ikakwaruza tena.

"Mpe Fundi," ikasema. Kepteni akampa. "Fundi, nisikilize. Kama ni chuma, najirusha. Kama ni mti, navuta uvunjike. Ni nini?"

Fundi alipiga magoti kwenye kisanduku chake. Kila shimo lilikuwa na spana yake. Koleo lipo, bisibisi zipo, tupa ipo. Boliti hazikubaki wala hazikupungua. Kitu gani basi? Angetaka sana kuamini kwamba ni hitilafu ya chuma tu, isiyo na mwenyewe, ili aseme jirushe na mkewe ashuke salama chini ya mwavuli. Hapo ndipo alipokumbuka jioni ya mvua waliyogundisha mkia, alivyoingiza mkono kwenye kitundu akabana kitambaa kwa ndani, kisha akavitoa vibanio kwa kupapasa, gizani, haraka haraka. Kama gundi ilikishika kimoja, kingekaa pale pale, kimya, mpaka siku ndege itakapopinduliwa na kutikiswa.

Lakini je, ilikuwa hivyo kweli, au alikuwa anatafuta jibu la kumpa?

Akapiga simu nyumbani. Mamamkwe akapokea.

"Mama, samahani. Vibanio vya siku ile ya mkia vilirudi vyote?"

"Leo ndiyo unauliza, mwanangu? Kimoja hakijarudi tangu mlipougundisha ule mkia. Nilikwambia."

Hakuwa amemwambia. Alikuwa ameuambia ukuta. "Ni vya mti au plastiki?"

"Plastiki ninunue mimi? Jua likivipiga vinapasuka. Vya mti." Kisha sauti ikabadilika. "Uko wapi saa hizi? Binti yangu yuko wapi?"

Fundi akakata simu. Lilikuwa kosa kubwa la adabu, la kwanza tangu aoe.

Kepteni alimshika bega akamwambia awe na uhakika, maana akikosea atakuwa amemuua. Fundi alimtazama, kisha akabonyeza redio.

"Kuna kitu humo ndani," alisema. "Ni kibanio cha nguo. Nimekiacha mimi. Ni mti. Vuta."

Nzi mwekundu alisimama sawa angani, kisha pua ikatikisika, ikatikisika tena, na ghafla ndege ikarushwa juu kama iliyopigwa teke. Kepteni alitoa sauti. Ndege ikayumba, ikalala ubavu, ikanyooka.

"Kimevunjika," redio ikasema, ikihema. "Nakuja."

Lakini vipande vilikuwa bado mkiani, na wote watatu walijua hilo bila kuambiana. Ndege ile ina ubaya wake wakati wa kutua. Ikiinua pua, rubani haoni njia iliyo mbele yake. Anatazama nyasi za kushoto na nyasi za kulia, na kukisia iliyo katikati. Mwalimu aliileta taratibu, bila kugeuka kwa ghafla, akaipitisha juu ya uzio. Pua ikaanza kupanda. Ikasita. Magurudumu yalikuwa bado hewani, upepo wa ubavuni ukasukuma bawa, na pua ikabaki pale pale kwa muda wa kuuma meno. Kisha ikapanda. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena, mkia ukachezacheza kama wa mjusi, ndege ikaandika nyoka kwenye changarawe na kusimama ikiwa imetazama pembeni.

Mwalimu alishuka, akavua kofia, akaegemea bawa. Fundi alifika mbio, akasimama mbali naye kidogo, kama mtu asiyejua kama bado ana ruhusa.

"Umechelewa kujibu," mkewe akasema.

"Nilimpigia Mama kwanza."

"Kwa hiyo Mama ameshajua."

"Ameshajua."

Mwalimu alifumba macho. "Basi tumekwisha," akasema, na akamvuta mumewe kwa kola ya ovaroli na kumshikilia hapo kwa muda mrefu.

Nyumbani mamamkwe alimkagua bintiye kuanzia nywele hadi viatu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Hakula nao.

Asubuhi iliyofuata Fundi aliamshwa na harufu ya moshi. Akatoka uani bila viatu. Nguo za kufua zilikuwa zimetandazwa juu ya geti lake mwenyewe, na shuka kubwa lilifungwa kambani kwa mafundo, kona kwa kona. Mamamkwe alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, beseni la vibanio miguuni, akivitia motoni kimoja kimoja chini ya birika la chai.

Hakuusemesha ukuta. Aligeuka, akamtazama mkwewe usoni.

"Mwanangu, niletee na vile ulivyoazima tena, vilivyo kwenye karakana yako."

Fundi alikwenda akarudi navyo ndani ya kopo. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akavimwaga mapajani, akavihesabu polepole mpaka mwisho, kisha akavimimina motoni vyote kwa mkupuo.