Makamu Mwandamizi Asiye na Mtu

Verlyn Haugen alikuwa Makamu Mwandamizi wa Rais katika benki moja ya North Dakota, Marekani, na chini yake hapakuwa na mtu. Si karani, si mfagiaji. Kahawa alijimiminia mwenyewe.

Cheo hicho kilikuwa na kazi yake. Wakulima wa kule hawataki kunyimwa mkopo na karani kijana wa dirishani. Akiwanyima makamu wa rais, wanavaa kofia, wanashukuru, wanakwenda zao. Basi benki ikawa inampandisha Verlyn, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyozidi kuitwa kwenda kusema hapana. Watu waliokula naye samaki wa magadi kwenye karamu za kanisani tangu utoto wakaanza kumkwepa.

Ndipo binti yake Solveig, mjane kule Duluth, jimbo jirani, akajifungua, akapiga simu. "Baba, njooni mkae karibu. Peke yangu siwezi."

Verlyn alitamani kwenda siku ile ile. Lakini mkewe Ardis alikuwa mgonjwa wa figo, na bima ya matibabu yake ilitokana na kazi ya Verlyn. Asingeweza kuacha kazi hiyo bila kupata nyingine. Akajaribu benki mbili za Duluth: moja ikamwona mkubwa mno kwa cheo, ya pili ikamwona hajawahi kuwa mkubwa wa mtu. Likabaki tawi la huko la benki aliyokuwa akiifanyia kazi, lililokuwa likitafuta meneja. Akaenda kwa Marlys Tweten, rais wa benki.

"Mzee Verlyn, umewahi kuongoza watu wangapi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Mliniahidi msaidizi mwaka wa mafuriko. Labda alisombwa na maji."

Marlys alicheka mpaka akajifuta macho. "Sasa nikukabidhije tawi zima, wakati hujampangia mtu hata likizo?"

"Basi niweke dirishani huko huko, kama nilivyoanza."

"Weee! Makamu Mwandamizi dirishani? Watasema umeiba, au benki inakufa. Kesho yake wamejaa mlangoni, kila mtu anataka akiba yake."

"Nivueni cheo, basi."

"Kwa kosa gani?"

Verlyn akatafuta kosa. Hakulipata.

Simu ya mapokezi ikalia. Marlys akasikiliza, akaiweka chini. "Ni jirani yako Orrin Fossum, kuhusu ule mkopo wa trekta. Haiwezekani. Mwambie wewe, kwako atatulia."

Verlyn akatoka. Orrin alipomwona tu akaichukua kofia yake kitini.

"Wamekutuma wewe. Kwa hiyo ni hapana."

"Ni hapana, Orrin."

"Hata kukaa hujakaa! Siku nyingine wamtume mwingine, bwana; wewe nikukute kanisani tu."

"Hakuna mwingine. Niko peke yangu."

Orrin akamtazama, akashukuru kama kawaida yao, akaondoka.

Jioni Solveig akapiga simu. Mtoto alikuwa analia nyuma yake. "Vipi baba, wamekubali?"

"Bado, mwanangu."

"Bado nini? Si wewe ndiye mkubwa huko? Amua tu!"

Verlyn alimtazama Ardis aliyesinzia kwenye kochi, miguu imemvimba.

"Baba? Baba, umekata?"

"Sijakata," akasema. "Nipo."