Mate ya Mtoto wa Salwa

Mwanapili wa Gazi alikuwa mkunga kabla ya kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa hiyo watafiti walipotaka mtu wa kukusanya mate ya wazazi na vichanga, ili wapime humo dalili za dhiki, hawakuhangaika kutafuta. Waliokataa, wakisema mate ya mtu hapewi mgeni, hiyo ni kazi ya wachawi, aliwalainisha kwa maneno. Maneno anayo, Mungu amemjaalia. Kuyazuia ndiko kunakomshinda.

Kwa Bi Asiya alifika siku ya tatu tangu mkaza mwanawe, Salwa, ajifungue. Salwa alitafuna kipande cha pamba, na mtoto akatiwa kingine mdomoni, taratibu.

"Amekula kitu?" aliuliza Mwanapili, kama alivyofundishwa.

"Ziwa tu, tena tangu alfajiri," alijibu Salwa.

Akaandika hivyo, akaenda zake.

Majibu yalipokuja, mate ya mama yalikuwa ya kawaida. Ya mtoto yalionyesha dhiki iliyopita kiasi. Karatasi hiyo ilikuwa siri ya ofisi, lakini Mwanapili aliichungulia, na kisimani ikamponyoka: "Maskini, mama katulia, mtoto ndiye mwenye dhiki." Kufikia alasiri maneno yalikuwa yameota miguu. Salwa hampendi mwanawe, mate yamesema.

Bi Asiya hakuuliza mara mbili. Salwa alirudishwa kwao Ramisi hajafika hata nusu ya arubaini, na mtoto akabaki kwa bibi, ananyweshwa maziwa ya kopo. Hashim, baba mtu, alikuwa baharini, baharia wa meli za mbali, na simu ya kuzungumza naye alikaa nayo mama yake.

Mwanapili hakulala vizuri wiki nzima kwa aibu. Mwishowe alijikaza akaenda.

"Shikamoo, Bi Asiya."

"Marahaba. Umekuja kupima nini tena?"

Mtoto alikuwa analia. Bi Asiya alichukua tende, akaitafuna ikalainika, akaitoa kwa kidole na kumpaka mtoto kwenye kaakaa, huku midomo yake ikisoma dua. Mwanapili alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Na siku ile ya mate, ulimlambisha?"

"Kabla hujaingia, Salwa yuko msalani. Tende si chakula, mwanangu, ni sunna."

"Bi Asiya, basi yale mate yalikuwa yako. Dhiki ile ni yako."

Mama wa watu akaketi kitako, mtoto mapajani, akalia waziwazi.

"Hashim hajapiga simu, huu sasa ni mwezi wa tano. Wenye meli hawanijibu. Salwa nilimwambia hupiga kila usiku, yeye Salwa akiwa amelala. Kila nikitafuna tende namwombea." Akajipangusa kwa leso. "Nimemdhulumu mwana wa watu. Nenda kamlete. Lakini hilo la Hashim usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Mwanapili alifika Ramisi kabla ya adhuhuri. Salwa alimpokea mlangoni, leso imelowa maziwa kifuani. Aliposikia kwamba kosa lilikuwa la tende, na kwamba mtoto anamngoja, alicheka, akalia, akaanza kufunga nguo zake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Na Hashim ameambiwa? Alipopiga jana alisemaje?"

Mwanapili alifungua kinywa, akakikuta kikavu, hakina hata tone.